Ukiitwa Kuandika Mtaala wa Sanaa, Anza na Zana

Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kutumika katika shule zetu za msingi Tanzania, Sanaa na Michezo ilipata nafasi yake kwenye ratiba. Kenya nao wameifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu. Mimi ni mwalimu wa sanaa, na nimewahi kuketi kwenye vikao vya kupitia mihtasari, yaani majedwali yanayoonesha somo lifundishwe nini na lipimwe vipi. Mwalimu mwenzangu, au msanii, utakayepata barua ya kuitwa kwenye kikao kama hicho, nina machache ya kukuambia kabla hujafunga safari.

Muhtasari usome kuanzia kulia. Wengi wetu tunaanza kushoto, kwenye umahiri mkuu na umahiri mahususi, yaani yale mtoto anayotakiwa kuweza, na muda unaishia huko tukibishana juu ya kitenzi kimoja. Kulia ndiko kuliko na vigezo vya upimaji, zana na idadi ya vipindi. Tunafika huko tumechoka, tunajaza harakaharaka: brashi, rangi za maji, kinanda, projekta. Kisha muhtasari unafika kwenye darasa la watoto tisini, mikononi mwa mwalimu anayefundisha masomo yote na ambaye chuoni hakufundishwa sanaa. Akiisoma orodha hiyo anafunga kitabu, na kipindi kinageuka cha hisabati. Simlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo jiulize kwanza: mtoto atashika nini? Pwani jibu liko uani. Ukindu unaanikwa, unachanwa, unachemshwa na rangi kwenye sufuria, unasukwa ukili, ule utepe mrefu, kisha ukili unashonwa kwa sindano mpaka upatikane mkeka. Humo mna rangi, mna ruwaza, mna hesabu ya miaa, yaani nyuzi za ukindu zinazosukwa, mna uvumilivu. Na kupima kwake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: je, upana wa ukili ni ule ule mwanzo hadi mwisho? Ruwaza imerudiwa bila kuruka? Kingo zimekaza? Mwalimu asiyejua kusuka anaweza kuyaona hayo kwa macho yake. Lakini ukimwandikia "mwanafunzi aoneshe ubunifu", umemwachia kazi ya kubahatisha alama, na mtoto wa mwalimu mkuu atapata nyingi.

Msidhani kwamba vifaa hafifu huzaa sanaa hafifu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za kupaka baiskeli juu ya hadibodi, na mtindo wake sasa unabeba jina lake dunia nzima.

Jambo linalonigusa zaidi ni ngoma. Msiandike orodha ya ngoma za makabila ili watoto wakariri majina. Taifa liseme stadi, mahali paseme ngoma. Stadi inaweza kuwa kushika mdundo mmoja bila kuyumba wakati mwenzako anapiga mwingine. Usukumani mtoto ataipatia kwenye bugobogobo, ngoma ya wakulima, jembe mkononi. Dodoma ataipatia kwenye muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake. Huko mwalimu bora yupo nyuma ya shule, bibi wa mwanafunzi fulani. Mwiteni. Ila andikeni wazi kwamba alipwe, na fedha itoke fungu gani. Mwongozo ukinyamaza, mwalimu mkuu hana pa kuchota, na mama wa watu ataitwa bure mara ya kwanza, ya pili hatakuja.

Maigizo sina wasiwasi nayo sana. Watoto wetu wanaigiza hata bila kuambiwa.

Mwisho, rasimu isitoke ukumbini kabla haijafundishwa. Chukueni mada moja mpeleke shule ya jirani, afundishe mwalimu wa darasa wa pale pale, nanyi mkae nyuma kimya na daftari. Angalieni dakika ngapi zinaliwa na kugawa vifaa, na watoto wangapi wanamaliza kipindi bila kugusa chochote. Ombeni siku za kazi hiyo ziingizwe kwenye ratiba ya kikao tangu siku ya kwanza, maana zikiachwa za mwisho hazipatikani.