Mgonjwa wa Kiharusi Akinyamaza, Msimfute

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka Kondoa. Binti anauguza mama yake: kiharusi, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Daktari alimwonyesha picha ya sitiskani akasema palipoharibika ni padogo. "Dada, kama ni padogo, mbona mama amezimika hivi?" Akamalizia kwamba kuna siku ule mkono unarukaruka wenyewe.

Swali hilo la kwanza na mimi nililiuliza, tena kimoyomoyo, maana ulimi ulikuwa umenigomea. Wa Chang'ombe hapa Dodoma wanakumbuka. Nilikuwa mtunza hazina wa kikoba chetu, mtu wa hesabu na maneno mengi (sikatai). Nikiwa jikoni nachambua mlenda, kisu kikaniponyoka. Nikataka kumwita mwanangu, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na haujui kuweka akiba. Mshipa ukiziba, pampu ndogondogo zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu kwenye seli za neva hukosa nguvu ndani ya dakika chache. Pampu hizo ndizo zinazotunza chaji ya umeme. Chaji ikipotea, seli haipeleki ujumbe. Za katikati hufa. Za pembezoni hunyamaza kwanza, bado zi hai, zikingoja damu. Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha kuhakikisha kwamba hakuna damu iliyovujia kwenye ubongo. Saa zangu hizo ziliishia sebuleni, ndugu wakibishana ni nani kaniroga. Nimewasamehe. Karibu wote.

Sasa hapo padogo. Mwaka 1914 daktari Constantin von Monakow alieleza jambo aliloliita diaskisisi: sehemu za ubongo zilizo mbali na jeraha, nzima kabisa, huacha kazi kwa kukosa taarifa zilizozoea kuzipata kutoka pale palipoumia. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Mafuriko yakikata reli kule Gulwe, stesheni yetu haina ufa hata mmoja, lakini treni ya Dar haifiki.

Nami nililiona kwa macho yangu. Baadaye nilianguka kifafa, nikapelekwa kwenye kipimo cha umeme wa ubongo, kile ambacho Mjerumani Hans Berger alikifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. (Shangazi aliposikia "ubongo" akaangua kilio, akidhani nakwenda kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.) Hakiumi, unabandikwa nyaya kichwani tu. Upande wa kulia daktari alinionyesha mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, ya mtu aliye macho ila ametulia na kufumba. Upande wa kushoto yalikuwa mawimbi mapana ya delta, chini ya 4 kwa sekunde, ambayo mtu mzima mwenye afya huwa nayo kwenye usingizi mzito. Yaani nusu ya kichwa ina alama za usingizi, na mimi nimekaa kitako namsikiliza! Akasema pande hizo mbili kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja. Kiharusi huzitenganisha, na zikianza kushikana tena, mara nyingi mgonjwa naye anapata nafuu.

Wenzangu wa kikoba hawakuyajua hayo. Walikuja na sukari na sabuni, wakajadili mbele yangu nani apewe daftari la hazina, "maana huyu akili imeshaondoka." Nilielewa kila neno. Kila neno, jamani. Leo daftari liko kwangu, na Jumamosi nilisoma hesabu za mwaka kwa sauti, polepole, mpaka mstari wa mwisho. Aliyetoa kauli ile alikaa kiti cha mbele. Alipiga makofi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mkono wa mama upe kazi. Ashike kikombe, akunje kanga, arudie, arudie tena. Ubongo hufungua njia nyingine kwa kutumiwa, hasa miezi ya mwanzo, ingawa hata baadaye mlango haufungwi. Mmarekani Edward Taub aliwazuia wagonjwa kutumia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Hilo muulize kwanza mtaalamu wa mazoezi tiba, kwani linamfaa mwenye vidole vinavyosogea angalau kidogo. Na maneno hivyo hivyo: muulize, kisha ngoja. Mnaowamalizia wagonjwa sentensi mnawanyang'anya mazoezi, acheni. Mnaowaficha chumba cha ndani wageni wakija, acheni.

Ule mkono unaorukaruka usiufunge hirizi. Kandokando ya kovu seli zilizobaki zinaweza kufyatua umeme kupita kiasi. Huenda ni kifafa cha baada ya kiharusi, nacho kina dawa. Ukianza, tazama saa, rekodi kwa simu ukamwonyeshe daktari. Akipoteza fahamu mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, usingoje gari la mjomba, mkimbize hospitali.