Mama anasikia milio tu baada ya kuwekewa kipandikizi cha sikio

Pole sana dada. Umesema mama aliwashiwa kipandikizi (kifaa cha kusikia chenye sehemu iliyopandikizwa sikioni na sehemu ya kuvaliwa nje) wiki mbili zilizopita, anasikia milio kama ya ndege badala ya maneno, na sasa anataka kuacha kukivaa. Tafadhali mbembeleze aendelee. Baba yangu alipitia hayo hayo.

Sikio lenye afya lina seli za kusikia zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na kifaa kinajaribu kufanya kazi ya seli hizo kwa elektrodi (vituo vidogo vya kupitishia umeme) 12 hadi 22 hivi. Ubongo unapokea ujumbe uliokatwakatwa, inabidi ujifunze upya kuufasiri. Hilo huchukua miezi.

Baba alikivaa tangu anaamka hadi anapolala. Kila jioni nilizima redio, nikamsomea ukurasa mmoja huku akifuatisha maneno kwa kidole. Mwanzoni kidole kilipotea kabisa. Wiki kadhaa baadaye nilinyamaza ghafla katikati ya sentensi, nacho kikasimama pale pale. Nililia.

Andikeni sauti zinazomkera, mzipeleke kwa mtaalamu wa usikivu arekebishe mpangilio wa kifaa. Kama sauti zinamuumiza, asivumilie.

Akipata homa kali, shingo ikikakamaa, au akivimba nyuma ya sikio, nendeni hospitali siku hiyo hiyo: wenye kipandikizi wana hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Ulizeni kama chanjo zake zimekamilika. Na kabla ya kipimo chochote cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu), lazima aseme kwamba ana kipandikizi, kwa sababu ndani yake huwa mna sumaku.