Je, ufunguo wa usimbaji ni "namba ya siri"?

Swali: Ninafundisha hisabati katika sekondari moja hapa Dodoma, na ninaandaa somo la Kiswahili kuhusu namna nadharia ya namba inavyolinda taarifa. Je, ni sahihi kuuita ufunguo wa usimbaji "namba ya siri"? Na je, kusimba ni sawa na kuficha?

Jibu: Si sahihi, ingawa ufunguo huo kwa kweli ni namba. Kwa Mtanzania, "namba ya siri" ni zile tarakimu chache anazobonyeza anapotuma pesa kwa simu ili mfumo umtambue, ilhali ufunguo hutumika kuubadili ujumbe wenyewe usieleweke na wasiohusika, na kuurudisha katika hali yake. Tena, mbinu ya RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, ina funguo mbili, na mmoja hutangazwa kwa kila mtu, hivyo kuuita wa siri ni kusema kinyume kabisa. Mimi hupendelea "ufunguo wa hadhara" na "ufunguo wa faragha".

Wanafunzi waonyeshe kwa namba tasa 5 na 11, ambazo zao lake ni 55. (Jina "tasa" halitawasumbua watoto wa wafugaji, wanaomjua ng'ombe asiyezaa.) Hadharani hutolewa 55 pamoja na kipeo 3. Anayetaka kutuma 7 hutafuta 7 kwa kipeo cha 3, yaani 343, huigawanya kwa 55, kisha hutuma baki, ambalo ni 13. Mpokeaji huchukua 13 kwa kipeo chake cha faragha, 27, hugawanya kwa 55, na baki analolipata ni 7 ileile. Kipeo 27 kilichaguliwa kwa sababu 3 mara 27 ni 81, ambayo ikigawanywa kwa 40, zao la 4 na 10 (yaani 5 na 11, kila moja ikipunguzwa 1), hubakiza 1. Anayeweza kuichambua 55 kuwa 5 na 11 ataipata 40, na kwa hiyo 27; lakini katika matumizi halisi zao huweza kuwa na tarakimu 617, na hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulichambua kwa kompyuta za kawaida.

Kuhusu kusimba na kuficha: anayeficha hataki ujumbe uonekane, bali anayesimba huuacha uonekane usieleweke. Hata hivyo, "kusimba" peke yake huweza kuhusu alama zozote, zikiwemo za simu za maandishi za zamani ambazo hazikuwa siri, ndiyo maana istilahi kamili ni "usimbaji fiche". Kinyume chake ni "kusimbua", katika kauli ileile ya kutendua inayotupa "fungua" kutokana na "funga".