Wiki ya filamu za Kirusi mtaani kwetu, niende au nisiende?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni Mtanzania naishi Ufaransa, huku Normandie, nalea wazee. Mwezi ujao ukumbi wa sinema wa hapa mtaani una wiki ya filamu za Kirusi, mpya na za zamani, na shoga yangu ameshanikatia tiketi. Sasa mimi Kirusi sijui hata salamu, na muvi nilizokulia ni zile za kutafsiriwa na madijei. Halafu kubwa zaidi, kazini niko na dada wa Ukraine, tunapendana sana, nilipomtajia alinyamaza kisha akasema hata bango lake akiliona linamuumiza. Nikienda namkosea? Na haya matamasha hasa nani anayaandaa? – Mama Neema

JIBU: Nzuri Mama Neema, pole na baridi. La lugha nalimaliza haraka: kwenye matamasha ya Ulaya filamu huachwa na sauti zake za Kirusi, chini wanaweka sabtaito, kwenu zitakuwa za Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa chako cha kazini kitakufikisha mbali. Ila usichague ile ya usiku sana siku umetoka zamu, sabtaito zinataka macho.

Kuhusu waandaaji, hapo Normandie upo jirani kabisa na historia yenyewe. Mji wa Honfleur, ule wa bandari ya zamani pale mto Seine unapoingia baharini, ulikuwa na tamasha lake la filamu za Kirusi tangu miaka ya 1990, kwa kawaida mwezi wa Novemba wakati watalii wengi wameshaondoka, na lilikuwa tamasha kamili, lina majaji, lina zawadi, waongozaji wanakuja kukaa na watu. Matamasha ya aina hii yanabebwa na wapenda sinema wa mji, manispaa, mwenye ukumbi, na mara nyingi upande wa pili kunakuwa na mkono wa Urusi yenyewe, mfano Roskino, shirika la serikali lililorithi kazi ya Sovexportfilm, wale waliokuwa wanauza filamu za Kisovieti nje. Kwa hiyo anayesema wiki kama hiyo inaweza kuwa njia ya serikali kujipamba, hajatunga.

Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi lote mambo yakabadilika ghafla. Akademi ya filamu ya Ukraine, yaani chama cha watu wa filamu wa kule, ikaiomba dunia isusie filamu za Kirusi zote, akademi ya filamu ya Ulaya ikazitoa kwenye tuzo zake za mwaka ule, Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la huko Ufaransa, ikakataa ujumbe rasmi wa Urusi lakini Mei hiyohiyo ikampokea muongozaji wa Kirusi, Kirill Serebrennikov, kwenye mashindano. Na Sergei Loznitsa, muongozaji mkubwa wa Ukraine, alipinga kuwasusia wote kwa mkupuo, mwezi Machi akafukuzwa kwenye akademi yao. Yaani hata ndani ya nyumba yenye msiba hawakukubaliana, usitegemee mimi nikupe jibu moja la ndiyo au hapana.

Mimi naangalia filamu moja moja. Wengi wanasema tazama nani kalipa, sawa, nembo zinaonekana mwanzoni kabisa, lakini pesa peke yake haitoshi kukuambia kitu. Leviathan ya Andrey Zvyagintsev ilipata pesa ya wizara ya utamaduni ya Urusi, halafu ikaenda kuonyesha meya mlafi anavyomnyang'anya fundi magari nyumba yake huku wakubwa wa kanisa wakimpa baraka, ikachukua tuzo ya hadithi bora Cannes 2014, na waziri wa utamaduni mwenyewe akasema hadharani haipendi. Mwandaaji muulize: mwaka huu nani amechangia hela, na wiki hii hela ya tiketi inaenda kwa nani? Mtu mwenye nia njema hakasiriki kuulizwa hivyo.

Lakini kuna jambo linalonikera zaidi na nadhani hata huyo dada linamhusu. Kwenye ratiba kama hizo kila kilichotengenezwa enzi za Kisovieti, wakati Urusi, Ukraine na Georgia zilikuwa ndani ya nchi moja, kinabandikwa jina la Urusi. Muongozaji Larisa Shepitko, aliyeshinda Dubu wa Dhahabu, zawadi kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 1977, alizaliwa mji wa Ukraine unaoitwa leo Bakhmut, ndio, huohuo uliosagwa na mabomu. Mikhail Kalatozov, aliyepewa Palme d'Or, zawadi kuu ya Cannes, 1958, ni mtu wa Tbilisi, Georgia. Na Mark Donskoy, aliyemfundisha kazi muongozaji wetu wa Senegal, Ousmane Sembène, alipokwenda kusoma Moscow miaka ya 60, alizaliwa Odessa, Ukraine. Hizi kazi si za Moscow peke yake, na ukumbi unaoziweka bila kusema hilo unawanyima watu hao haki yao.

Kwa hiyo kama ni mimi ningeenda, na ningeanza na hiyo ya Shepitko kama ipo, Wafaransa wanaiita L'Ascension. Wapiganaji wawili wa msituni Belarus wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, theluji kila mahali, wanatafuta chakula wanakamatwa na Wajerumani, mmoja anakataa kusaliti mwingine anavunjika, na kamera haiondoki kwenye nyuso zao. Mama, ni nzito lakini haina hata dakika ya kujionyesha. Shepitko alikufa kwa ajali ya gari 1979 akiwa ndio anaanza filamu nyingine, mumewe Elem Klimov akaimalizia. Ya Kalatozov itaandikwa Quand passent les cigognes, hiyo lia tu usijizuie. Ukiona Requiem pour un massacre ya huyo Klimov, usiende peke yako, inaonyesha vijiji vya Belarus vikichomwa moto na watu wake ndani.

Sasa huyo dada. Usiende kimyakimya akaja kusikia kwa watu, mwambie unakwenda kuangalia ipi na kwa nini, halafu usimbishie, yeye hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Asipotaka kuisikia tena hiyo habari, iache hapohapo. Akiwa na moyo wa kuongea, muulize yeye angependa uone filamu gani ya kwao: kuna Ardhi ya Dovzhenko ya mwaka 1930, na kuna 20 Days in Mariupol ya Mstyslav Chernov, kuhusu mji wa Ukraine uliozingirwa na jeshi la Urusi, iliyochukua Oscar 2024. Kama ukumbi wenu haujawahi kuionyesha hiyo ya Mariupol, muandikieni mwenye ukumbi nyie wawili, au muandikie wewe kama yeye hataki, kumbi ndogo za mtaani zinaishi kwa watu kama nyinyi.