Usianzie Misri, anzia Kolo

Mdogo wangu, umeuliza kama ukiwa hapo Moshi unaweza kujifunza historia ya sanaa bila chuo, na kama uanzie Misri au Ugiriki. Unaweza kabisa, ila mimi ningeanzia Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro ya kale kwenye miamba. Panda basi hadi Babati, kisha ushike njia ya Kondoa. Michoro hiyo ya miambani iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kaa mbele ya ukuta mmoja, hata saa nzima: watu warefu wembamba, vichwa vikubwa, rangi nyekundu ya udongo. Chora unachokiona kwenye daftari, hata kama mkono wako mzito. Kuchora kunalilazimisha jicho litulie.

Ukirudi, pita Arusha kwenye maduka ya picha, utafute picha za mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968, akipaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Angalia mnyama alivyojaza ubao, na nyuma yake rangi moja tu, mara nyingi bila kivuli.

Hapo sasa fungua picha za Misri ya kale. Utaona mara moja kwamba uso umechorwa kwa ubavu lakini jicho linatazama mbele, na utajiuliza kwa nini. Swali hilo ndilo somo lenyewe, mengine ni tarehe tu. Kati ya wasanii wa leo, mtafute El Anatsui wa Ghana, anayeunganisha vizibo vya chupa kwa waya hadi vinaning'inia ukutani kama kitambaa.

Nauli ikiwa shida, anza na Arusha. Kolo haihami.