Maswali ya rufaa: muhuri wa masjala, dakika ishirini na dalali mlangoni

Barua mlizonitumia mimi wakili wenu safari hii karibu zote zinaulizia rufaa. Nimechagua tano.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya limempa mwenzangu shamba langu. Hii ni wiki ya tano, na karani ananiambia nakala ya hukumu bado. Siku zangu zinaliwa? (Msomaji, Sengerema)

Kutoka baraza hilo kwenda Mahakama Kuu una siku 45. Sheria ya ukomo, ile inayoweka mwisho wa muda wa kwenda mahakamani, inakuondolea siku za kusubiri nakala, ila lazima uthibitishe kwamba uliiomba. Andika barua leo. Toa kopi mbili: moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Wengi wanaokwama mikononi mwangu hoja wanazo, karatasi hiyo ndiyo hawana. "Nilikwenda mara sita, karani akanirudisha" haisaidii kitu, hata kama kweli ulivuka ziwa pale Kigongo mara sita.

Siku zikikupita, utaomba kuongezewa muda, na hapo kila siku ya kuchelewa itadaiwa maelezo yake. Tangu shauri la Lyamuya Construction, Ombi Na. 2 la 2010, mawakili vigezo tunavijua kwa kichwa: eleza siku zote, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha hukuzembea, au onyesha kwamba uamuzi wenyewe una kasoro nzito ya kisheria. Barua yenye muhuri inakuepusha na safari yote hiyo.

Wakili wetu alisimama mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani hapa Mwanza kama dakika ishirini tu, akakaa. Ada yote ile ni ya dakika ishirini? (Mama wa dagaa, Mwaloni Kirumba)

Shikamoo mama. Dakika ishirini ndizo ulizoziona. Kabla ya siku ile majaji walikuwa wameshapewa kumbukumbu za rufaa, yaani mwenendo wa kesi (maandishi ya yaliyosemwa mahakamani), vielelezo, hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), na mara nyingi hoja za maandishi pia. Wakili anayesimama kuwasomea upya yale waliyokwisha kuyasoma huyo ndiye wa kumlalamikia.

Nikuonyeshe kidogo meza yangu. Rundo la kurasa mia nne na kitu, penseli, chai imepoa. Ukurasa wa 61 shahidi anasema mkataba ulisainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ukurasa wa 118 mwenyekiti huyohuyo anasema siku ile alikuwa msibani Nansio. Kuipata mistari hiyo miwili kulinichukua siku tatu. Kuisema mbele ya jopo, hata dakika haikuisha. Jaji aliuliza, "Ukurasa wa ngapi, wakili?" nikautaja, akafunua, akaandika. Basi.

Na ukikosea, unakosea kwa karatasi vilevile. Mimi mwenyewe niliwahi kumwangusha mteja: tuzo ilikuwa na tarehe tofauti na ya hukumu, sikuiona. Enzi hizo kasoro hiyo ilitosha rufaa kuondolewa mahakamani kabla ya hoja hata moja kusikilizwa. Marekebisho ya sheria ya 2018 yamelegeza kamba, mahakama sasa inatakiwa kutazama zaidi haki ya msingi kuliko ufundi, lakini Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba hiyo si ruhusa ya kuruka masharti ya lazima. Mpaka leo nasoma tarehe kwanza, hoja baadaye.

Nimepata risiti ambazo sikuzitoa kwenye kesi. Nizipeleke kwenye rufaa? (Ilemela)

Kwa kawaida hapana. Mahakama ya rufaa inapima yaliyokuwa mbele ya hakimu. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra, kwa idhini ya mahakama, na risiti zilizokuwa kabatini kwako muda wote hazitapita.

Niko mwaka wa tatu wa sheria, Malimbe. Nataka kuwa wakili wa rufaa tu. Napitia njia gani?

Mwanangu, leseni ya rufaa pekee haipo. Ukimaliza shahada, ukafaulu Shule ya Sheria, ukaapishwa na Jaji Mkuu, unaruhusiwa kusimama Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani pia. Hilo neno "tu" ndilo linanitia shaka. Asiyewahi kumhoji shahidi mkaidi hajui kwa nini mwenendo umeandikwa ulivyoandikwa. Endesha kesi za chini miaka kadhaa kwanza. Kikao cha Mahakama ya Rufani kikija Mwanza, ingia ukae nyuma, mahakama iko wazi. Angalia nani anasikilizwa: mwenye sababu kumi na nne za rufaa, au mwenye tatu.

Niliwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ndani ya siku 30, lakini dalali wa mahakama kaniletea taarifa ya utekelezaji na kuhesabu vyombo. Si anatakiwa kusubiri? (Nyamagana)

Hatakiwi. Taarifa ya kusudio haizuii utekelezaji wa hukumu, na huo ndio kazi ya dalali wa mahakama. Unatakiwa kuomba zuio Mahakama ya Rufani ndani ya siku 14 tangu ukabidhiwe taarifa ya utekelezaji, na ujiandae kuweka dhamana. Barua yako inasema dalali alikuja Jumatatu ya wiki iliyopita. Acha kusoma hapa, mtafute wakili sasa hivi.