Kabla hujamhamisha mwanao, vuka korongo kwanza

Wiki iliyopita mama mmoja wa Singida ameniandikia. Mwanawe anaanza darasa la kwanza Januari, na jina lake limebandikwa kwenye orodha ya shule mpya iliyojengwa pembezoni, ilhali shule ya zamani anaiona kwa macho akiwa jikoni kwake. "Wazazi tumegawanyika," ameandika. "Wengine wanasema tugome, wengine wameshaanza kutafuta basi la kuwapeleka watoto shule ya mbali. Dada, wewe ulishapita huko, nishauri."

Nilikaa na ujumbe wake siku mbili bila kujibu. Huko nilishapita kweli. Nimegoma, na basi nimetafuta, na hakuna hata kimoja ninachoweza kumwambia mwenzangu akifanye kama nilivyokifanya mimi. Ndiyo maana nimeona nieleze yote hapa, maana najua si yeye peke yake.

Tulihamia Dodoma mwaka 2017, mume wangu akifuata wizara yake. Wengi mnaonisoma mnaijua safari hiyo. Tulipata kiwanja kilichopimwa upande wa mashariki, ukishapita Nanenane, tukahamia ndani ya nyumba isiyo na madirisha na kuijenga tukiwa humohumo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta manispaa hii na watu 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179 jijini. Mimi namba hizo niliziona kwanza kwenye sakafu ya darasa. Shule ya serikali iliyokuwa karibu nasi, watoto wa darasa la kwanza walikaa chini mpaka mlangoni, mwalimu akitafuta pa kukanyaga. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, na pale walikaribia mara tatu yake.

Kifunguamimba wangu sikumpeleka pale. Nilimpeleka inglishi midiamu upande wa pili wa jiji. Basi lilimchukua saa kumi na moja na robo alfajiri kwa sababu sisi tulikuwa mbali kuliko wote: alikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Jioni alisinzia na tonge mkononi. Kwa miaka minne ile sikuwahi kumjua mwalimu wake wa darasa kwa sura, nilijua sauti ya honi tu. Lakini nilijisifu. Nilidhani umbali ndio ubora.

Wa pili, binti, ada ilitushinda, akaanza awali hapo hapo jirani. Nikaingia kwenye kamati ya shule, nikachangisha fedha za madawati, nikafuatilia tenki la maji. Mambo ya kamati mnayajua, sitayarudia. Nilichotaka mkijue ni kwamba baada ya mwaka mmoja nilianza kusema "shule yangu", na kwa moyo wangu wote niliamini ni yangu.

Ndipo ikaja shule mpya. Ilijengwa ng'ambo ya korongo kwa kuwa upande wetu ardhi yote ilikwishakatwa viwanja. Madarasa yalikuwa mazuri, madawati mapya, vyoo vya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 2023 mgawanyo ukatangazwa: watoto wote wa ng'ambo wabaki kwao, na kwa kuwa shule ya zamani bado ingefurika, vitalu viwili vya viwanja vya upande wetu navyo vihamie shule mpya. Kimoja kilikuwa chetu.

Mtaa ukawaka. Tulikusanya sahihi nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa mbele. Nilikwenda kwa mtendaji, nikaenda kwa afisa elimu kata, nikapanda mpaka ofisi za juu zaidi ambako nilikaa kwenye benchi kutwa nzima na kurudishwa na neno "tutalifanyia kazi". Hoja yetu ilikuwa moja: korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira ndani yake. Mvua ikinyesha milimani, hata kama kwako jua linawaka, maji yanashuka kwa mkupuo mmoja na hayampi mtu nafasi ya kukimbia.

Mkutano wa mtaa uliitishwa siku chache baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, kule Hanang', ya Desemba 3, 2023. Kila mtu alikuwa na picha zile kwenye simu. Nilisimama chini ya mbuyu, nikazungumza vizuri, nasema bila kujivuna, mpaka akina mama wakafuta machozi. Nikauliza ni mzazi gani atakayekubali mwanawe wa miaka saba alivuke korongo lile Januari.

Mzee mmoja wa ng'ambo akanyanyua fimbo yake. Alianza kwa kutusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Wenyeji waliitikia, sisi wageni tukanyamaza. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, nimekusikia. Korongo linaua, hujasema uongo. Wajukuu zangu wamelivuka miaka yote kuja kwenye shule hii, na wewe uko kwenye kamati. Sikukusikia. Leo wako anaambiwa alivuke, ndiyo limekuwa na kina?"

Hakuna aliyekohoa. Akaendelea, bila kupandisha sauti, kwamba matofali ya lile darasa lenye ufa waliyafyatua wao, kijiji kizima, kabla shamba lake la uwele halijapimwa likawa viwanja na yeye kusogea ng'ambo. Hakututukana. Alikaa akaiweka fimbo magotini.

Nilitafuta neno la kumjibu, sikulipata. Na kabla sijakaa, jirani yangu, tena tuliyekopeshana chumvi, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Kwanza wa kwake yule mkubwa anapanda basi. Korongo analijulia wapi?" Watu wakacheka. Naandika leo na mkono unanitetemeka. Mzee nilimwelewa siku ileile. Kicheko kile sijakimaliza, na huyo jirani mpaka leo tunasalimiana tukikutana tu, hakuna anayemfuata mwenzake.

Laiti ningetulia pale, makala hii ingekuwa fupi. Lakini nilikuwa nimeaibika, na mtu aliyeaibika hashauriki. Nikaanzisha grupu la wazazi wa vitalu vyetu viwili. Mmoja akataja bweni, tukamkumbusha kwamba tangu mwaka 2023 serikali imesitisha bweni kwa awali mpaka darasa la nne. Basi tukakubaliana kukodi haisi. Tulijaza fomu za uhamisho, watoto wakapokelewa shule moja ya serikali mjini, na kila nyumba ikawa inatoa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mimi ndiye niliyeshika daftari la fedha.

Niwaambie mabasi haya yakoje, kwa sababu wengi mnayajua kwa matangazo tu, si kwa safari. Tulilipia kiti kwa kila mtoto, lakini kufikia Februari walikaa watatu kwenye viti viwili, kwa kuwa wazazi wawili waliacha kulipa na dereva akajaza nafasi na watoto wa mtaa mwingine. Binti yangu wa miaka saba alisimama kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam gizani, malori yakimpita. Mwalimu akiita kikao saa nane mchana, siendi, nauli na muda havipo. Na kila asubuhi nilijitahidi kutoikumbuka ajali ya basi la shule ya Karatu, Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio tu.

Kisha ikaja Aprili 12, 2024. Basi la shule lilisombwa na maji Arusha, kwenye korongo, asubuhi, watoto wakiwa ndani. Siku hiyo grupu letu lilikaa kimya mpaka usiku. Ndipo baba mmoja akaandika jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua: haisi yetu nayo ilivuka korongo. Lilikuwa korongo lingine, mbele zaidi, linapita juu ya barabara mvua ikinyesha, na dereva alikuwa na desturi ya kulipima maji kwa macho. Tulikuwa tumewakimbiza watoto kutoka korongo la kuvuka kwa miguu, tukiwa tunawaona, tukawapeleka kwenye korongo la kuvuka kwa magurudumu, tusiwaone.

Nilifunga daftari. Jumatatu iliyofuata nilivuka ng'ambo peke yangu, nikauliza nyumba ya mzee, nikapiga hodi. Nilimwomba radhi. Alinikaribisha kigoda, mkewe akaleta maji, na alichoniambia ni kwamba mjukuu wake atanionyesha mahali watoto wanapovukia. Nilitembea na mtoto yule kutoka mlangoni kwangu mpaka shule mpya. Dakika ishirini na tatu. Haisi ilichukua saa nzima. Nilikuwa nimezunguka na karatasi za sahihi miezi miwili kuhusu njia ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Julai binti yangu akahamia shule mpya. Tukaungana, vitalu vyetu na watu wa ng'ambo, kwa barua moja badala ya mbili: hatukuomba mpaka wa mgawanyo usogezwe, tuliomba kivuko. Mawe na mchanga tukatoa wenyewe, vijana wakachimba. Ofisi iliyohusika ilichelewa, tukaandika tena, ikachelewa, tukaandika mara ya tatu na mzee akaweka dole gumba la kwanza. Kivuko cha zege na vyuma kilikamilika kabla ya mvua za mwisho wa mwaka 2024. Hapo nakiri najivunia. Kila nikisikia viatu vya watoto juu ya zile bati za chuma asubuhi, najua nimefanya kitu.

Sasa, mama wa Singida, na wengine mnaonisoma.

Tembea njia kwanza. Usiisome kwenye ramani, usiisimulie kwenye grupu, itembee. Tembea na mtoto, saa ile atakayotoka. Nimesema na nitarudia: tembea njia kwanza.

Halafu jiulize kwa uaminifu unachokikataa ni umbali au ni watoto watakaokaa na wako. Shemeji yangu anaishi Marekani, nilimlilia kwenye simu wakati ule, akanisimulia habari ya Boston. Mwaka 1974 jaji Arthur Garrity aliamua kwamba shule za jiji zilikuwa zimewatenga weusi kwa makusudi, akaamuru watoto wachanganywe kwa mabasi. Watoto weusi wa Roxbury walipofika South Boston, mabasi yao yalipigwa mawe. Na wazazi waliopinga, alisema, wengi hawakutaja rangi hadharani. Walisema wanatetea shule ya mtaani kwao. Historia yao si yetu, na kilio cha mzazi juu ya mtoto kusafirishwa mbali kinaweza kuwa cha kweli kabisa. Lakini nilipokata simu nilijiuliza ni mara ngapi kwenye vikao vyetu vya ndani, huko kwenye veranda zenye vigae, tulisema "watoto wa ng'ambo" kwa sauti ambayo hatukuithubutu chini ya mbuyu. Walivaa kandambili, waliongea Kigogo, hawakupata tuisheni. Hayo tuliyasema. Korongo tukaliandika kwenye barua.

Na jingine: ukiondoka, huondoki na mtoto peke yake. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ikijumuisha ya vitabu, na inahesabiwa kwa vichwa. Idadi ya walimu nayo inapangwa kwa kutazama vichwa. Ukimtoa wako, akatoka wa jirani, akatoka wa mtumishi mwenye simu ya mkurugenzi, aliyebaki hana wa kumsemea tundu la choo likiziba. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wewe unakijua, unaweza kusimama ukakitaja. Kwa nini ukakitaje kwenye shule ya kulipia ambako vyoo vipo tayari? Baki. Shule haiwi nzuri kwanza ndipo wazazi wanaojua kusema waje. Wanakuja, wanasema, wanarudi kesho yake wanasema tena. Baki, halafu sema.

Umeniambia mkutano wenu ni Jumamosi. Ijumaa asubuhi mshike mwanao mkono, mwende mpaka hiyo shule mpya. Muulize utakayemkuta, mwalimu au mlinzi, madarasa mangapi, walimu wangapi, matundu mangapi, uandike kwenye karatasi. Wakati wa kurudi mtapishana na watoto wa upande ule wakija kwenye shule yenu ya zamani. Msimamishe mmoja, umuulize ametoka nyumbani saa ngapi na mvua ikinyesha anapita wapi. Kisha niandikie alichokujibu, Ijumaa hiyohiyo usiku, kabla hujaamua utakachosema Jumamosi.